Pochi ya Kripto Kwenye Kompyuta: Chagua Ile Utakayoweza Kuifufua

Maswali haya yanatufikia mara kwa mara kutoka Garissa, Wajir na Mandera: "Nimenunua Bitcoin kidogo, niiweke wapi?" "Kuna pochi ya laptopu nzuri?" "Ndugu yangu wa ng'ambo anataka kunitumia USDT, nimpe anwani gani?" Leo tunajibu maswali hayo kwa pamoja.

Kwanza tuelewane. Sisi ni watu wa pesa ya simu. Hatuuzi sarafu za kripto, wala hatukushauri ununue. Bei yake hupanda na kushuka vibaya sana, na Benki Kuu ya Kenya ilianza kutoa tahadhari kuhusu Bitcoin tangu Desemba 2015. Lakini tunajua wengine wenu mnazo tayari, na mara nyingi pesa ya kuzinunulia ilipitia kwenye simu. Kwa hiyo ni heri tuwaambie ukweli kuhusu mahali pa kuziweka.

Na ukweli wenyewe ni huu: pochi nzuri ya kompyuta ni ile ambayo laptopu yako ikifa leo jioni, kesho asubuhi unaweza kuirudisha pesa yako wewe mwenyewe, bila kumpigia mtu yeyote simu. Urembo wa programu na wingi wa sarafu ni mambo ya baadaye.

Unamwamini nani?

Watu wa Kaskazini Mashariki hawahitaji kufundishwa habari ya amana. Kabla ya pesa ya simu kufika mwaka 2007, na hata sasa, hawala imebeba pesa kutoka Nairobi, Dubai na Minneapolis hadi Garissa na Dadaab. Kwenye hawala, unamwamini mtu na jina lake. Kwenye pesa ya simu, unaiamini kampuni: ukisahau PIN au ukipoteza laini, unaenda na kitambulisho chako unasaidiwa. Ukituma kwa namba isiyo yako, unaripoti haraka, na mara nyingine pesa inarudi.

Kwenye pochi ya kripto iliyo kwenye kompyuta yako, unajiamini wewe mwenyewe. Hakuna wakala, hakuna namba ya huduma kwa wateja, hakuna kurudisha muamala. Ukituma kwa anwani isiyo sahihi, imeenda. Ukipoteza ufunguo, hakuna kitambulisho kitakachokusaidia.

Kwa nini basi mtu achague njia hiyo? Kwa sababu upande wa pili pia una hatari zake. Aprili 2015, serikali iliposimamisha kampuni 13 za kutuma pesa, familia nyingi za eneo hili zilikwama mpaka kampuni hizo ziliporuhusiwa kufungua tena katikati ya mwaka huo. Kwenye kripto yenyewe, soko la Mt. Gox lilianguka Februari 2014 na takriban Bitcoin 850,000 hazikuonekana. Novemba 2022, soko la FTX likafuata. Wateja wa masoko hayo waliona salio kwenye skrini, lakini funguo zilikuwa mikononi mwa wengine.

Kwa hiyo pochi ya kompyuta inakuondolea hatari ya kumtegemea mwingine, halafu inakubebesha jukumu lote. Kama hauko tayari kwa jukumu hilo, bora ujue mapema.

Pochi haina pesa ndani yake

Watu wengi wanadhani sarafu ziko ndani ya laptopu. Haziko. Bitcoin imeandikwa kwenye daftari la pamoja linalotunzwa na maelfu ya kompyuta duniani, linaloitwa blokcheini. Kilicho kwenye laptopu yako ni ufunguo wa siri unaoruhusu kuhamisha kilichoandikwa kwa anwani yako.

Ukifungua pochi mpya, programu nyingi zitakupa maneno 12, au 24. Hayo maneno ndiyo ufunguo wote. Mwenye hayo maneno ndiye mwenye pesa, hata kama yuko Mombasa na laptopu iko Garissa. Hapa kuna vitu viwili ambavyo watu huchanganya:

- Nenosiri la pochi hufunga pochi kwenye kompyuta hiyo moja tu. Ukilisahau lakini una maneno yako, unaanza upya na pesa iko.
- Maneno 12 hufungua pesa popote duniani. Laptopu ikiharibika na maneno hukuyaandika, basi.

Orodha inayotumiwa zaidi ina maneno 2,048, na hakuna ya Kiswahili wala ya Kisomali. Mara nyingi utapewa maneno ya Kiingereza. Yaandike herufi kwa herufi, kwa mpangilio uleule, na uyape namba 1 hadi 12. Katika orodha hiyo, herufi nne za mwanzo za kila neno hazifanani na za neno jingine lolote, kwa hiyo ukiwa na shaka na mwandiko wako, hakikisha angalau hizo nne zinasomeka.

Maswali manne kabla ya kupakua chochote

1. Una sarafu gani hasa? Pochi ya Bitcoin pekee haiwezi kupokea USDT. Na USDT yenyewe hupita kwenye mitandao tofauti: anwani ya Tron huanza na T, ya Ethereum huanza na 0x, na za Bitcoin huanza na 1, 3 au bc1. Anayekutumia akichagua mtandao ambao pochi yako haiuelewi, pesa inaweza kukwama au kupotea. Jambo jingine: ukiwa na USDT kwenye mtandao wa Tron, kwa kawaida utahitaji pia sarafu ya TRX kidogo ili ulipie ada ya kutuma. Na kumbuka USDT hutolewa na kampuni ya Tether, ambayo ina uwezo wa kuzuia anwani fulani, hata kama ufunguo unao wewe.

2. Nani anashika ufunguo? Ikiwa huduma haijawahi kukupa maneno ya siri na unaingia kwa barua pepe na nenosiri tu, kuna uwezekano mkubwa hiyo ni akaunti ya soko. Si vibaya kwa kiasi kidogo unachouza na kununua, lakini usiite pochi yako.

3. Hiyo kompyuta ni ya nani? Ya saiba, ya ofisi, ya shule, au laptopu ambayo watoto wanachezea michezo waliyopewa kwa flashi? Usiweke pochi hapo. Vilevile ile iliyowekewa Windows ya bure na fundi wa mtaani. Programu zilizovunjwa kufuli mara nyingi huja na virusi, na baadhi ya virusi hivyo kazi yao ni kutafuta pochi tu.

4. Una nafasi na bando kiasi gani? Kuna pochi inayotaka mamia ya gigabaiti, na kuna inayotosha kwenye flashi. Ukiwa Mandera unategemea intaneti ya simu, jibu la swali hili peke yake linaweza kukuchagulia.

Pochi zenyewe

Hatulipwi na yeyote kati ya hawa. Tunazitaja kwa sababu ndizo utakazokutana nazo.

Bitcoin Core. Ndiyo programu ya kwanza ya Bitcoin, ilianza 2009. Huhakiki kila kitu yenyewe bila kumwamini mtu. Lakini lazima ipakue historia yote ya Bitcoin, ambayo ni zaidi ya gigabaiti 600. Kuna namna ya kuifanya ibakize sehemu ndogo tu kwenye diski, lakini kupakua lazima ipakue yote. Kwa mtu wa bando, hii si yako.

Electrum. Ipo tangu 2011. Ni nyepesi, ni ya Bitcoin pekee, na ni programu huria, maana yake msimbo wake uko wazi na wataalamu wanaweza kuukagua. Sura yake ni ya kizamani kidogo, lakini inafanya kazi hata kwenye laptopu ya zamani. Angalizo: maneno yake 12 yanatengenezwa kwa utaratibu wake, kwa hiyo si kila pochi nyingine itayakubali.

Sparrow. Nayo ni programu huria na ni ya Bitcoin pekee. Inakuonyesha kwa uwazi ada unayolipa na pesa inatoka wapi kwenda wapi. Inamfaa anayetaka kuelewa anachofanya. Kwa mgeni kabisa, skrini yake inaweza kuonekana ina mambo mengi.

Exodus. Hii ndiyo rahisi zaidi kwa macho. Inashika sarafu nyingi, ikiwemo USDT, na ukiwa na maneno yako unaweza kuifungua pia kwenye simu. Lakini si msimbo wake wote ulio wazi, na ukibadilisha sarafu ndani yake, angalia vizuri kiasi utakachopokea kabla ya kukubali, kwa sababu gharama hufichwa kwenye bei.

Ikiwa kiasi chako ni cha kukuumiza ukikipoteza, kwa mfano mtaji wa ng'ombe au karo ya mwaka, fikiria kifaa maalum cha funguo kama Trezor au Ledger. Ufunguo unakaa ndani ya kifaa, na kompyuta hata ikiwa na virusi haiwezi kuuchukua. Electrum, Sparrow na Exodus zote hufanya kazi na vifaa hivyo. Nunua kwa mtengenezaji au muuzaji anayetambuliwa naye. Ukikipata kikiwa na karatasi yenye maneno yaliyokwisha kuandikwa, huo ni mtego. Maneno lazima yatoke kwenye kifaa mbele ya macho yako.

Kwa nini tunasisitiza hivyo? Juni 2023, watumiaji wa Atomic Wallet, pochi iliyokuwa maarufu kwa urahisi wake, waliamka wakakuta pesa zimehamishwa. Hasara ilikadiriwa kufika dola milioni 100, na shirika la FBI la Marekani likasema wezi walikuwa wadukuzi wa Korea Kaskazini. Hao watumiaji walikuwa wanashika funguo zao wenyewe. Kwa hiyo ufunguo kuwa kwako ni mwanzo mzuri, lakini programu inayoushika nayo ina hatari yake. Usiweke mayai yote kwenye kapu moja.

Kupakua bila kuibiwa

Desemba 2018, watumiaji wa Electrum walianza kuona ujumbe ndani ya programu yenyewe wakati wa kutuma pesa: sasisha sasa, bofya hapa. Ujumbe ulitoka kwa seva za wezi, na "toleo jipya" lilikuwa programu ya kuiba. Kasoro hiyo ilirekebishwa, lakini mwaka 2020 mtu mmoja aliyekuwa hajafungua pochi yake kwa miaka kadhaa alifungua toleo la zamani, akafuata ujumbe huo, na akaripoti kupoteza Bitcoin 1,400.

Tunajifunza nini?

- Andika anwani ya tovuti rasmi mwenyewe. Usibofye tangazo la kwanza kwenye Google, wala linki ya WhatsApp, Telegram au TikTok.
- Usipokee programu ya pochi kwa flashi, hata kutoka kwa rafiki.
- Ukiambiwa usasishe, funga ujumbe, nenda tovuti rasmi, uone kama kweli kuna toleo jipya.
- Electrum na Sparrow huweka saini ya kidijitali kando ya kila toleo. Programu ya bure ya Gpg4win hukusaidia kuihakiki kwenye Windows. Mara ya kwanza itakuchosha, ya pili utaizoea. Kama una kijana wa kompyuta unayemwamini, akuonyeshe hatua hii, ila maneno 12 asiyaone.
- Kila unaponakili anwani na kuibandika, linganisha herufi za mwanzo, za katikati na za mwisho. Kuna virusi vinavyobadilisha anwani uliyonakili vikaweka ya mwizi.

Karatasi, maji na mchwa

Maneno 12 hayapigwi picha. Hayahifadhiwi kwenye barua pepe, WhatsApp wala Google Drive. Simu ikiibiwa au akaunti ikidukuliwa, pochi imeenda nayo.

Andika kwa kalamu kwenye karatasi mbili na uziweke sehemu mbili tofauti. Hapa kwetu lazima tuseme zaidi. Novemba 2023 mvua za El Niño zilileta mafuriko Garissa, na Aprili 2024 Tana ikafurika tena. Watu walihama na walichoweza kubeba. Kama nyumba yako iko upande wa mto, karatasi moja isikae hapo. Ifunge kwenye nailoni isiyopitisha maji, na usiifiche ukutani ambako mchwa hufika.

Kwa kiasi kikubwa, watu hugonga maneno kwenye bati nene la chuma cha pua, ambalo maji hayaliozeshi. Vyuma vya kugongea herufi vinapatikana kwa maduka ya vifaa. Lakini gonga mwenyewe nyumbani. Usimpe fundi wa jua kali akufanyie, maana atakuwa ameyasoma.

Na juu ya karatasi, andika pia jina la pochi. Miaka mitano baadaye, maneno 12 bila kujua ni ya Electrum au ya Exodus yatakusumbua bure.

Jaribio la kufufua

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huruka. Ifanye kabla ya kuweka pesa ya maana:

1. Weka pochi, andika maneno kwenye karatasi.
2. Tuma kiasi kidogo ambacho hakitakuumiza. Angalia ada kwanza, maana siku mtandao ukiwa na msongamano ada ya Bitcoin inaweza kuzidi unachotuma.
3. Andika pembeni anwani uliyopokelea.
4. Tafuta kompyuta ya pili unayoiamini, weka programu ileile, na uchague kurejesha pochi kwa maneno uliyo nayo. Kwenye Electrum unaweza kufanya hivyo kwenye laptopu ileile kwa kufungua pochi ya pili yenye jina tofauti.
5. Soma maneno kutoka kwenye karatasi, si kwenye skrini.
6. Salio na anwani zikionekana zilezile, karatasi yako inafanya kazi.
7. Sasa tuma kiasi kidogo kutoka pochi hiyo iliyorudishwa. Ikikubali, umehitimu. Kama ulitumia kompyuta ya pili, usiiache pochi hapo. Kumbuka kuondoa programu pekee mara nyingi huacha faili la pochi nyuma, kwa hiyo futa na faili.

Ikikataa, umepoteza hela kidogo na umejifunza. Mtu anayegundua kosa la herufi moja baada ya laptopu kuungua kwa stima ya kurukaruka hana bahati hiyo.

Mirathi

Suala hili halipendezi, lakini ni la haki. Mtu akifariki, familia ikienda kwa Kadhi, mifugo itahesabiwa, kiwanja kitaonekana, na pesa ya benki na ya simu ina utaratibu wake wa kudaiwa. Kripto ambayo hakuna anayejua ilipo haiwezi kugawanywa kwa mtu yeyote. Itabaki kwenye blokcheini milele, na mayatima hawatapata kitu.

Huhitaji kumpa mtu maneno leo. Inatosha wasia wako uonyeshe kwamba mali hiyo ipo, ni pochi gani, na karatasi imewekwa wapi. Unaweza pia kumwambia mtu mmoja unayemwamini palipo bahasha iliyofungwa, ukaikagua mara kwa mara kama bado imefungwa.

Mwisho kabisa

Oktoba 2025, Rais William Ruto alitia saini sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, inayowapa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kazi ya kuwapa leseni na kuwasimamia. Ni hatua nzuri. Kabla ya kununua au kuuza kupitia kampuni yoyote, uliza leseni. Lakini sheria inasimamia kampuni. Karatasi uliyoipoteza haiwezi kukurudishia.

Na mtu yeyote atakayekuomba maneno yako 12, awe amejiita huduma kwa wateja, msaidizi wa Telegram, afisa wa serikali, au hata mfanyakazi wetu, ni mwizi. Sisi hatuwezi kukuomba PIN yako, na hatuna kazi na maneno yako ya pochi. Kata simu, na uwajulishe wenzako.

Kama bado hujui uanzie wapi, anza hivi wiki hii: usinunue chochote. Chukua laptopu safi, weka pochi moja, na ufanye jaribio la kufufua kwa kiasi kidogo sana. Ukiona kazi hiyo imekushinda au imekuchosha, hilo nalo ni jibu, na pesa yako itakuwa salama zaidi mahali ambapo ukikwama kuna mtu wa kumpigia simu.